Ijara Yahitaji Kivuli Kabla ya Nyaya

Saa saba na nusu za mchana bati la paa huanza kusema. Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha Ijara, kule kusini mwa Kaunti ya Garissa, ataitambua sauti hiyo: tak, kimya kidogo, kisha tak nyingine, mithili ya ndege mzito anayetembea juu ya darasa. Hapana ndege. Ni chuma kinachotanuka kwa joto na kuvutana na misumari iliyokifunga kwenye mbao. Siku moja, nikiwa katika kipindi cha fizikia cha Kidato cha Pili, nilitaka kuitumia sauti hiyo kama mfano wa kutanuka kwa metali. Nilipogeuka kutoka ubaoni nilikuta nusu ya wanafunzi wamelala.

Sikuwakemea, maana hata mimi shati lilikuwa limenigandama mgongoni. Kijana mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa angali macho, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, stima ikitufikia tutatiwa feni?" Nikamjibu, "Bila shaka," na kipindi kikaendelea hadi kengele ikatuokoa sote.

Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile. Silo la uongo, lakini lilimfundisha kijana yule kwamba joto la darasa lake ni jambo la majaliwa, na kwamba dawa yake ni waya utakaokuja siku moja kutoka mbali. Ukweli ni kwamba joto lile tulilijenga wenyewe, kwa saruji, bati na fedha za umma. Na feni ikifika, kazi yake ya kwanza itakuwa kulipia kosa la fundi, kila mwezi, kwa muda wote jengo litakapokuwa limesimama. Hapo ndipo ulipo msingi wa makala haya: jengo lililojengwa pasipo kufikiri ni deni la umeme hata kabla umeme haujafika.

Najua baadhi ya wasomaji watanirukia. Watasema, mwambie aliyeshiba apunguze chakula, si mwenye njaa. Watu wa Ijara hawajaonja stima ya kutosha, nawe unawahubiria kuiokoa? Hoja hii ni nzito nami siipuuzi. Mto Tana upitao karibu na Masalani, makao makuu ya Ijara, huwa umekwisha kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kutufikia. Kindaruma ilianza kutoa umeme mwaka 1968 na Kiambere mwaka 1988. Maji yale mekundu tunayoyaona yakipita yalikwisha kuwasha taa za miji mikubwa huko juu. Kisha Desemba mwaka 2019 ukafunguliwa rasmi mtambo wa nishati ya jua karibu na mji wa Garissa, wenye uwezo wa takriban megawati 50, na umeme wake ukaingizwa katika gridi ya taifa. Mkazi wa Ijara ana haki ya kuuliza kwa nini mto ni wake, jua ni lake, na giza pia ni lake. Aulize, na asinyamaze.

Lakini mwenye kikombe kimoja cha maji ndiye anayepaswa kuchunga zaidi kisimwagike. Ukiondoka Masalani ukaelekea vijijini, shule na maduka mengi niliyoyajua yalitegemea jenereta ya dizeli au paneli chache za jua. Tuangalie hesabu, kwa sababu wanafunzi hupenda kuniambia kwamba fizikia haina kazi nje ya mtihani. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10, yaani kilowati 10 kwa saa moja. Jenereta ndogo iliyo katika hali nzuri, na yenye mzigo wa kutosha, hutoa kama uniti 3 tu za umeme kwa lita hiyo. Zilizosalia huishia katika moshi, kelele na joto la injini. Ikipewa mzigo mdogo, taa mbili na redio, huzidi kuwa mbaya. Kwa hiyo kila uniti moja inayookolewa kwenye balbu huokoa uniti tatu na zaidi kwenye pipa, na pipa lenyewe limesafirishwa kwa lori katika barabara ambayo mvua ikinyesha huwa haipitiki. Hakuna mahali nchini ambapo uniti iliyookolewa ina thamani kubwa kuliko pale ambapo uniti ni adimu.

Chukua bweni lenye balbu 20 za mtindo wa zamani, za wati 60 kila moja, zikiwaka saa nne kwa usiku. Hizo ni uniti 4.8. Ziondoe, utie balbu za LED za wati 9 zenye mwanga uo huo: uniti 0.72. Tofauti hii haiishii katika gharama ya mafuta. Balbu za kwanza zingehitaji safu nzima ya paneli na betri ambazo hakuna bodi ya shule itakayoweza kuzinunua upya zikichakaa. Za pili zinatoshwa na paneli moja kubwa ya siku hizi na betri ya kiasi. Kwa maneno mengine, uchaguzi wa balbu ndio unaoamua kama bweni litakuwa na mwanga au halitakuwa nao. Niliwahi kuona shule moja iliyopewa paneli na wahisani, zikafa kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Watu walilaumu jua, walilaumu paneli, walimlaumu fundi aliyezifunga. Kumbe pasi ya umeme ilikuwa imechomekwa katika nyumba ya mwalimu, na betri zikakamuliwa kila siku hadi tone la mwisho. (Naomba nisiulizwe ilikuwa nyumba ya mwalimu gani.)

Turudi kwenye bati. Joto husafiri kwa njia tatu, na vitabu vyetu huzitaja kwa mkupuo kisha vikaendelea. Kuna mpitisho, joto linapopenya ndani ya kitu kigumu kama kijiko kilichoachwa chunguni. Kuna msafara, hewa moto inapopanda na baridi ikashuka mahali pake. Na kuna mnururisho, joto linaporuka kutoka kitu kimoja hadi kingine bila kugusana, kama lile tunalolihisi usoni mbele ya moto. Watu wengi hudhani joto la darasani ni la hewa, kwa hiyo hufungua madirisha au huota feni. Sehemu kubwa ya mateso yale ni mnururisho. Bati jembamba, hasa lililoshika kutu, hunywa jua la saa sita na kulishusha moja kwa moja juu ya vichwa vya watoto. Ukisimama chini yake utahisi utosi unaungua ilhali miguu ina nafuu. Feni itapeperusha hewa, nalo jasho litakauka, lakini paa litaendelea kukuchoma kama jiko lililogeuzwa juu chini.

Dawa ya mnururisho ni pazia. Dari la aina yoyote likiwekwa chini ya bati, pakaachwa nafasi ya hewa kati yao na matundu kwenye pembe za ukuta, ile hewa moto hutoka na dari likabaki na joto la kawaida. Bati likipakwa rangi nyeupe, sehemu kubwa ya jua hurudishwa mbinguni kabla halijaingia. Baraza likizunguka ukuta, ukuta haupigwi na jua. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji tokeni.

Nimepata kufika Nyeri kusahihisha mitihani, mahali ambapo asubuhi ya Julai mtu hupuliza viganja vyake. Madarasa niliyoyaona kule na yale niliyoyafundishia Ijara yangeweza kubadilishana mahali pasiwe na mtu wa kutambua: mstatili mmoja, ukuta mmoja wa matofali ya saruji, bati moja, madirisha ya ukubwa mmoja, bila dari. Serikali ilipojenga maelfu ya madarasa mapya kwa ajili ya mtaala wa umilisi mnamo mwaka 2021 na 2022, ilikuwa nafasi adhimu ya kuuliza swali dogo: je, mtoto wa Hulugho na mtoto wa Othaya wanaishi chini ya jua moja? Chumba kinachomfaa mmoja humtesa mwingine. Hata upande ambao jengo linatazama ni somo. Ijara iko chini kidogo ya ikweta, nyuzi kama moja na nusu hivi kusini, na jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo. Zile za mashariki na magharibi hupigwa kwa mshazari asubuhi na alasiri. Jengo refu basi lingelazwa kutoka mashariki hadi magharibi, na madirisha yatazame kaskazini na kusini, ambako pia pepo zetu za kaskazi na kusi huelekea. Kulilaza hivyo hakumgharimu mkandarasi hata shilingi. Hata hivyo nimeona majengo mapya yaliyogeuzwa mgongo kwa upepo kwa sababu tu barabara ilipita upande ule.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, jirani wa Ijara upande wa kusini, na nilikulia katika nyumba ya mawe ambayo babu hakuwahi kuitilia feni. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene kiasi cha mtoto kulala dirishani. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki upana mkubwa. Vichochoro vilisongamana hata nyumba moja ikaitilia nyingine kivuli. Watalii huusifu mji huo kwa uzuri wake, na shirika la UNESCO likautia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Sisi tuliokulia humo tulijua jambo jingine, kwamba mchana wa Februari nyumba ilikuwa na ubaridi.

Nilipofika Ijara nilikuwa na kiburi cha nyumba hiyo. Nilidhani wafugaji wa Kisomali hawana ujenzi wa kunifunza. Kiburi kilinitoka siku niliyoalikwa ndani ya aqal, ile nyumba ya duara ambayo akina mama huijenga kwa fito zilizopindwa na kuifunika kwa mikeka waliyoisuka wenyewe. Nje jua lilikuwa kali. Ndani upepo ulipenya katika mikeka, mwanga ukawa hafifu, na mwenyeji akanionyesha jinsi ukili wa upande mmoja unavyoinuliwa upepo ukigeuka. Usiku ulipoingia, nyumba ile ilipoa mara moja kwa kuwa haikuwa na tumbo la kuhifadhi joto. Bweni letu la saruji lilikuwa kinyume chake: lilikunywa jua mchana kutwa, na kuanzia saa mbili za usiku likaanza kulitapika juu ya vitanda vya wavulana.

Hapo nilijifunza jambo ambalo Lamu haikunifunza. Ukuta mnene ni rafiki wa mchana, lakini pasipo upepo wa bahari huweza kuwa adui wa usiku. Darasa, linalotumika mchana, lafaa kuwa na ukuta mzito uliotiwa kivuli. Bweni, linalotumika usiku, lafaa kuwa jepesi, lenye matundu, lililo wazi pande mbili. Tumejenga yote mawili kwa ramani moja.

Na nikitaja bweni, kuna jambo lazima niliseme kwa uwazi, kwa kuwa nimewahi kusikia mwalimu akipendekeza dari la mikeka kila mahali. Darasani, na ofisini, sawa. Bwenini, la hasha. Tumezika watoto wa kutosha nchini humu: 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, 21 katika Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na milango ifunguke kwa nje. Tazama basi jinsi mambo mawili yanavyokutana. Dirisha pana, lisilo na nondo, upande huu na upande ule, ndilo dirisha la upepo, na ndilo dirisha la kuokokea. Shule iliyoziba madirisha kwa vyuma imemnyima mtoto hewa kila usiku, na siku ya moto itamnyima uhai. Kinachotufanya tuyafunge ni mbu na hofu ya wezi. Mbu ana dawa, nayo ni wavu. Mwizi naye ana mlinzi wake.

Biashara nazo? Katika mji mmoja mdogo wa Ijara palikuwa na mzee muuza soda ambaye jenereta yake ililia kuanzia asubuhi hadi saa tatu za usiku. Siku moja aliniambia, "Maalim, mafuta yananila. Soda moja nauza, soda mbili jenereta inakunywa." Nikamwomba ruhusa ya kulitazama jokofu lake. Lilisimama mbele ya duka, jua la alasiri likilipiga ubavuni. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika. Mgongo wake ulibanwa ukutani, na zile nyaya nyembamba za nyuma, ambazo kazi yake ni kutupa joto nje, zilikuwa zimevaa blanketi la vumbi. Nikamwambia, "Mzee wangu, jokofu halitengenezi baridi, hulitoa joto ndani likalitupa nje. Hili lako limezibwa mdomo." Tulilihamishia chumba cha nyuma kwenye kivuli, tukalitenga na ukuta kwa kiasi cha mkono, mwanawe akalifuta vumbi, na mpira mpya ukaja na gari la Garissa juma lililofuata. Sikupima kitu, kwa hiyo sitatoa takwimu. Ila niliporudi mwezi ule, jenereta ilikuwa ikizimwa baada ya sala ya alasiri kwa muda, na soda ilikuwa baridi.

Jokofu la zahanati ni jambo zito zaidi, kwa sababu chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Siku hizi kuna majokofu ya jua yanayohifadhi baridi katika barafu badala ya betri, na hayo ni neema kwa sehemu kama zetu. Lakini hata jokofu bora likiwekwa katika chumba kilicho kama tanuri litafanya kazi maradufu. Chumba kwanza, chombo baadaye.

Kuhusu ofisi nitasema kidogo tu. Niliwahi kusubiri saa mbili katika ofisi moja yenye kiyoyozi kilichokuwa kikinguruma chini ya bati lisilo na dari, na madirisha ya vipande vya vioo ambavyo viwili vilikuwa vimevunjika. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Katika umeme methali hiyo haisaidii, kwani kinachovuja hulipiwa na mchukuzi yuyo huyo. Na mchukuzi katika ofisi ya umma ni wewe nami.

Je, sheria haipo? Ipo. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinalazimisha majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kukaguliwa kila baada ya miaka mitatu, na kutekeleza angalau nusu ya uokoaji uliobainishwa na wakaguzi. Viwanda vya Nairobi na hoteli za Mombasa vimefaidika, na Shirikisho la Wenye Viwanda lina kituo maalumu cha kazi hiyo tangu mwaka 2006. Ni kanuni njema. Lakini uniti 180,000 ni uniti 15,000 kwa mwezi. Sidhani kama Ijara nzima ina jengo la kufikia kiasi hicho, kwa hiyo katika macho ya kanuni sisi hatupo. Wala simlaumu aliyeziandika. Alifuata mahali penye umeme mwingi. Ila hakuna kanuni inayomzuia mwalimu kukagua shule yake mwenyewe.

Nami nilifanya hivyo na wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, kwa kipima joto kimoja, daftari na saa ya mkononi. Tulipima chini ya bati, chini ya mgunga, ndani ya darasa, bwenini saa tatu za usiku. Tuliorodhesha kila balbu na saa zake. Nilitarajia kwamba adui mkubwa atakuwa jenereta. Msichana aliyekuwa karani wetu ndiye aliyeniumbua. Akauliza, "Mwalimu, na kuni tusizihesabu?"

Tulipozihesabu, taa, redio na kompyuta za shule zilionekana kama mchezo. Nishati ya shule ya bweni, kwa kiasi kikubwa, iko jikoni. Meko yetu yalikuwa mafiga matatu makubwa chini ya banda, upepo wa kusi ukipeperusha miale pembeni mwa sufuria, na githeri ikichemka kuanzia alfajiri. Mpishi wetu, mama mwenye subira kubwa, hakuwa na kifuniko cha sufuria kubwa kwa kuwa kilichukuliwa kuwa ubao wa matangazo. (Wasomaji walimu wanacheka kwa sababu wanajua shule nyingine zenye hali hiyo hiyo.) Maharage hayakulowekwa usiku kwa kuwa stoo hufungwa saa kumi na funguo huondoka na karani.

Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza sana muda wa kuyapika. Kifuniko hupunguza zaidi. Jiko lililozungushiwa ukuta na kupewa bomba la moshi hutumia nusu ya kuni za mafiga, au hata chini ya hapo, na macho ya mpishi yakapona. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, shule nyingi nchini zilihangaika kutafuta kuni. Sisi tulikuwa na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 kando ya Tana, katika miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola, ili uwape walowezi kuni na kivuli, kisha ukageuka kuwa jinamizi la malisho. Kuutumia ni jambo la busara. Kuupoteza bure kwa sababu sufuria haina kifuniko si busara, hata kama mti wenyewe ni adui.

Na kwa kuwa nimeitaja Bura, iliyo ng'ambo ya mto, acha nikumbushe jambo ambalo wazee wa huko hawajalisahau. Mradi ule ulijengwa utegemee pampu za dizeli kuvuta maji ya Tana. Gharama za mafuta na matengenezo ziliubana, pampu zikafa, mashamba yakakauka na wakulima wakataabika kwa miaka mingi, ilhali maji yangeweza kuletwa kwa mfereji unaoteremka wenyewe kutoka juu zaidi ya mto. Kosa la siku ya kwanza katika ramani lililipiwa na watu ambao hawakuichora. Bati lisilo na dari ni pampu ya Bura iliyo ndogo.

Kwingineko watu wamelitambua jambo hili. Mjini Harare, jengo la maduka na ofisi la Eastgate, lililokamilika mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, lilijengwa bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi. Kuta zake nzito hunyonya joto la mchana, na hewa ya usiku huvutwa ndani kuzipoza kupitia mabomba marefu kama ya moshi. Pearce alisema alilipata wazo hilo kwa kutazama vichuguu vya mchwa. Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 ofisi zinazotegemea mwanga wa mchana na hewa ya kawaida, na paneli zikawekwa juu ya paa baada ya mahitaji kupunguzwa kwanza. Mtu ataniambia kwamba Nairobi na Harare ziko nyanda za juu na usiku wake ni wa baridi, na atakuwa amesema kweli. Jengo la Harare likihamishiwa Masalani halitafanya kazi ile ile. Nasi hatuhitaji kulihamisha. Vichuguu tunavyo, aqal tunayo, na Lamu iko jirani.

Wanafunzi wangu waliandika ripoti ya kurasa sita. Katika kurasa hizo waliomba mambo manne: rangi nyeupe juu ya paa la bweni la wavulana na wavu badala ya vyuma katika madirisha yake, dari katika madarasa mawili ya upande wa magharibi, jiko lenye bomba, na kifuniko cha sufuria. Bodi ilikuwa tayari imeandaa ombi la jenereta kubwa zaidi kwa wafadhili. Baada ya majadiliano marefu, mwalimu mkuu, ambaye ni mtu muungwana, aliruhusu ripoti ile iambatishwe nyuma ya ombi.

Kifuniko kilirudi jikoni siku iyo hiyo, kikiwa bado na tangazo la mechi ya soka ya muhula uliopita. Maharage yalianza kulowekwa wiki iliyofuata, baada ya karani wa stoo kukubali kuacha debe moja nje kwa mpishi. Ombi lenyewe, lenye jenereta mbele na rangi nyeupe nyuma, lilipelekwa Garissa kwa basi la Alhamisi. Nilipohamishwa kurudi Lamu lilikuwa halijajibiwa, na yule kijana wa feni alikuwa amefika Kidato cha Nne, akikaa mstari ule ule wa mbele, chini ya bati lile lile.